Flashi isiyopachikika katika mfumo wa Unix: soma kwanza, usiandike

1. Utangulizi

Katika kitivo cha lugha, flashi si chombo cha mafundi peke yao. Ndani yake tunabeba sauti za wazee tuliowarekodi vijijini, picha za miswada, orodha za maneno, na sura za kazi za kumaliza masomo zinazosubiri jicho la mwalimu. Siku flashi inapokataa kuonyesha kilichomo, hasara inayotutisha si bei ya kununua nyingine sokoni. Mzee aliyesimulia hadithi mwaka jana huenda hayupo tena leo, na hata kama yupo, hatasimulia mara ya pili kwa maneno yaleyale.

Nimekuwa nikiwasaidia wanafunzi wenzangu katika chumba cha kompyuta, ambako mashine nyingi hutumia Linux. Karibu kila anayeniletea flashi husema sentensi moja tu: «Haifunguki.» Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Ni kama kumwambia mganga «ninaumwa» bila kuonyesha mahali. Katika makala hii ninakusudia kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kutofunguka kuna hatua tano, na kompyuta yenyewe hutamka ni hatua ipi iliyokwama, mradi tujue kusoma maneno yake. Pili, kinachopoteza data mara nyingi si ugonjwa wa flashi, ni dawa iliyotolewa kwa haraka. Kwa hiyo kanuni yangu ni ile iliyo katika kichwa cha makala: soma kwanza, usiandike.

2. Maneno ya kuanzia: kupachika na kupachua

Unix ilizaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, naye akafuata desturi za Unix. Desturi moja ndiyo inayotuhusu hapa. Windows huipa kila diski herufi yake: C, D, E. Unix haifanyi hivyo. Katika Unix faili zote hukaa katika mti mmoja wenye mzizi mmoja unaoandikwa kwa alama ya mkwaju tu: /. Diski mpya ikija, haipewi mti wake; huunganishwa kama tawi mahali fulani katika mti uleule. Tendo hilo la kuunganisha huamriwa kwa neno mount, na la kuondoa kwa neno umount.

Katika makala hii ninatumia kitenzi pachika kwa tendo la kwanza na pachua kwa la pili. Wasomaji wa kitivo chetu watatambua mara moja kwamba jozi hii inafuata njia ya kauli ya kutendua: bandika na bandua, funika na funua, tandika na tandua. Mofolojia yenyewe inatufundisha jambo ambalo wengi husahau: kilichopachikwa hakitolewi kwa kuvutwa, bali hupachuliwa. Sababu yake nitaieleza mwishoni. Kwa umbo la pachikika tunasema habari ya uwezekano: flashi isiyopachikika ni ile ambayo mfumo umejaribu kuiunganisha na mti, ukashindwa.

Neno moja zaidi: kiini. Kwa neno hili ninataja programu ya ndani kabisa ya mfumo, ile inayozungumza na vyombo kama kibodi, diski na flashi. Kiini huandika kila kinachotokea katika kumbukumbu yake, na amri ya dmesg hutusomea kumbukumbu hiyo.

3. Milango mitano

Flashi inapochomekwa hupita milango mitano kabla ya faili zake kuonekana. Tuifuate kwa utaratibu, kwa kuwa mlango wa pili haufunguki kama wa kwanza umefungwa. Amri za sehemu hii zimekusudiwa kusoma tu.

3.1 Mlango wa kwanza: umeme na mgusano

Kabla ya kuchomeka flashi, fungua terminali na uandike:

sudo dmesg -w

Kisha chomeka, na utazame maneno ya kiini yakitokea papo hapo. Flashi yenye afya huleta mistari ya namna hii:

usb 1-2: new high-speed USB device number 7 using xhci_hcd
usb-storage 1-2:1.0: USB Mass Storage device detected
sd 6:0:0:0: [sdb] 30310400 512-byte logical blocks: (15.5 GB/14.5 GiB)
sdb: sdb1
sd 6:0:0:0: [sdb] Attached SCSI removable disk

Kama hakuna mstari hata mmoja, kiini hakikusikia kitu, na hakuna amri itakayosaidia. Jaribu tundu jingine la USB. Kwa kompyuta ya mezani, jaribu lile la nyuma. Ondoa waya wa kurefusha. Tazama kama kuna vumbi au kutu kwenye bati la flashi. Mwishowe jaribu kompyuta nyingine.

Pengine mistari itakuja, lakini ikiwa na maneno kama device descriptor read/64, error -71. Namba 71 katika Linux ni kosa la itifaki: pande mbili zimeanza kusemezana lakini kilichosikika hakieleweki. Namba 110 maana yake muda umepita bila jibu. Zote mbili hutuelekeza kwanza kwenye mgusano, waya au umeme hafifu, wala si kwenye faili.

3.2 Mlango wa pili: kutambuliwa kuwa diski

Hapa tunauliza kama kiini kimeipa flashi jina. Andika:

lsblk

Utaona orodha ya diski na ukubwa wake. Mara nyingi diski ya ndani huitwa sda au nvme0n1, na flashi sdb. Herufi sd zimetoka katika SCSI, lugha ya amri za diski ambayo flashi za USB nazo huitumia. Herufi ya tatu hufuata zamu ya kutambuliwa. Kwa hiyo sdb ya leo inaweza kuwa sdc kesho. Usikariri jina, lihakikishe kila mara kwa kutazama ukubwa. Flashi iliyoandikwa GB 16 huonekana kama 14.9G au chini kidogo, kwa sababu muuzaji huhesabu kwa elfu na kompyuta huhesabu kwa 1024. Si wizi huo.

Wizi upo, lakini una sura nyingine. Sokoni huuzwa flashi zilizodanganywa ukubwa: ndani ina GB 8, nayo hujitangaza kuwa na GB 128. Hufanya kazi vizuri mpaka nafasi ya kweli ijae, kisha faili mpya huharibika na jedwali lote linaweza kuvurugika. Programu ya f3 huipima flashi mpya kwa kuijaza na kusoma tena kilichoandikwa. Ipime siku ya kuinunua, ikiwa tupu, kabla ya kuiamini kwa sauti ya mtu.

Kama lsblk inaonyesha jina lakini ukubwa ni 0B, au mount inasema no medium found, hali ni nzito. Chipu inayoongoza flashi inajibu, lakini haiioni kumbukumbu iliyo nyuma yake. Hapo programu haziwezi kitu. Ni kazi ya fundi wa kurudisha data.

3.3 Mlango wa tatu: jedwali la sehemu

Diski hugawanywa katika sehemu, na mwanzoni mwake kuna jedwali linalosema kila sehemu inaanzia wapi. Ni kama ukurasa wa yaliyomo katika kitabu. Andika:

lsblk -f

Katika hali ya kawaida utaona sdb, na chini yake sdb1 pamoja na aina ya mfumo wake wa faili. Ukiona sdb bila sdb1, usiseme mara moja kwamba jedwali limeharibika. Baadhi ya flashi hazina jedwali kabisa: mfumo wa faili umeanza moja kwa moja kwenye sdb. Ukiona vfat imeandikwa kwenye mstari wa sdb yenyewe, ndivyo ilivyo, na cha kupachika ni /dev/sdb. Lakini kama mstari huo ni mtupu, na una hakika kwamba jana flashi ilikuwa na faili, basi jedwali limepotea. Ukurasa wa yaliyomo ukichanika, sura za kitabu bado zipo. Programu ya testdisk hutafuta mianzo ya sura hizo na kuandika jedwali upya; hata hivyo tutaitumia juu ya nakala, kama nitakavyoeleza katika sehemu ya 4.

3.4 Mlango wa nne: mfumo wa faili

Mfumo wa faili ni utaratibu wa kupanga majina, ukubwa na mahali pa kila faili. Tunakutana hasa na minne: FAT32, ambayo Linux huiita vfat, exFAT, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2006 kwa ajili ya flashi kubwa, kwa kuwa FAT32 haikubali faili inayofika GB 4, NTFS ya Windows, na ext4 ya Linux yenyewe.

Hapa tofauti ya sentensi mbili ni ya maana sana. Sentensi ya kwanza:

unknown filesystem type 'exfat'

Ichambue kama mwanaisimu. Kiima cha ujinga huo ni nani? Si flashi, ni kompyuta. Imelisoma jina la lugha, lakini haijui kuisema. Linux ilianza kuwa na exFAT ndani ya kiini kuanzia toleo la 5.4, mwaka 2019. Mashine za zamani zinahitaji programu ya nyongeza. Kwa NTFS programu hiyo ni ntfs-3g. Mtu anayesikia lugha asiyoijua na kusema «huyu anapiga kelele tu» amekosea kuhusu msemaji. Vivyo hivyo, anayeifuta flashi kwa sababu ya sentensi hii ameadhibu kisicho na kosa.

Sentensi ya pili ndiyo maarufu zaidi:

wrong fs type, bad option, bad superblock on /dev/sdb1, missing codepage or helper program, or other error

Wanafunzi wengi huiogopa kwa sababu ya neno bad. Lakini tazama muundo wake: ni orodha ya mambo yanayowezekana, na inamalizika kwa «au kosa jingine». Aina si hiyo, au chaguo la amri si sahihi, au bloku kuu ina kasoro, au programu ya msaada inakosekana. Kwa maneno mengine, amri ya mount inakiri kwamba haijui sababu. Sababu inajulikana na kiini, mwulize yeye:

sudo dmesg | tail -n 20

Ikiwa mfumo wako umewekwa kwa Kifaransa, mount itasema Kifaransa, lakini maneno ya kiini hubaki Kiingereza daima. Ukitaka kulinganisha ujumbe na vitabu vya maelekezo, tanguliza LC_ALL=C mbele ya amri, nayo itasema Kiingereza kwa mara hiyo moja.

Kuna pia flashi au diski ya NTFS iliyotolewa kwenye Windows bila kufungwa vizuri. Linux huona kwamba Windows haijamaliza kazi yake na kukataa kuipachika kwa kuandika. Dawa njema ni kuirudisha kwenye Windows, kuipachua kwa utaratibu na kuizima kompyuta kabisa. Kwa FAT, kiini husema volume was not properly unmounted: flashi hupachikika, lakini tumeonywa. Huo ndio wakati wa kunakili faili zote, si wa kuendelea kuandika sura ya tatu.

3.5 Mlango wa tano: mahali na ruhusa

Mara nyingine flashi haina neno lolote. Kasoro iko upande wa mti. Mahali tulipopataja hapapo: mount point does not exist. Au mtumiaji hana ruhusa, na amri inadai sudo. Au katika faili ya /etc/fstab kuna mstari wa zamani unaoitaja /dev/sdb1 kwa chombo kingine. Au flashi imeshapachikwa mahali pengine bila wewe kujua. Amri ya findmnt itakuonyesha. Jaribu kwa usalama hivi:

sudo mkdir -p /mnt/flashi
sudo mount -o ro /dev/sdb1 /mnt/flashi

Herufi ro maana yake ni kusoma tu. Kama flashi imepachikika hivi, nakili kwanza kila kitu, kisha ndipo uulize maswali mengine.

Yapo pia malalamiko ya aina hii: flashi imefunguka, lakini folda moja inasema permission denied. Hili hutokea kwenye ext4, ambayo huhifadhi namba ya mwenye faili. Mwenye namba 1001 kwenye kompyuta ya nyumbani anaweza kuwa mtu mwingine kabisa kwenye kompyuta ya kitivo. FAT haihifadhi habari hiyo, ndiyo maana haituletei ugomvi wa namna hii.

Wenye kompyuta za macOS au FreeBSD watakuta milango ileile yenye majina tofauti. Kwenye macOS orodha hutolewa na diskutil list, na flashi huitwa kwa mfano disk4s1. Kwenye FreeBSD flashi huanza kwa herufi da. Hatua za kufikiri hazibadiliki.

4. Nakala kabla ya tiba

Wanaohariri miswada ya kale wana kanuni isiyovunjwa: hakuna kusahihisha juu ya mswada wenyewe. Kwanza hutengenezwa nakala, makosa ya karani yakiwemo; masahihisho hufanywa juu ya nakala. Flashi iliyokwama kwenye mlango wa tatu au wa nne inastahili heshima ileile. Amri kama fsck, ambazo hurekebisha mfumo wa faili, hurekebisha kwa kuandika. Na lengo lao ni mfumo uwe na mpangilio, hata kama ni kwa kukata faili iliyovunjika. Ndivyo pia kwa lile dirisha la Windows linalouliza kama uifomati flashi kabla ya kuitumia. Huandika majedwali mapya juu ya yale ambayo yangetuongoza kwenye faili. Jibu ni hapana, kila mara.

Nakala ya flashi nzima, sekta kwa sekta, hutengenezwa kwa programu ya ddrescue. Hakikisha flashi haijapachikwa na kwamba diski ya kompyuta ina nafasi isiyopungua ukubwa wa flashi yote. Kisha:

sudo ddrescue -n /dev/sdb flashi.img flashi.map
sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb flashi.img flashi.map

Amri ya kwanza huchukua vyote vinavyosomeka kwa urahisi na kuruka vinavyogoma. Ya pili hurudi kwenye vilivyogoma na kuvijaribu mara tatu. Faili ya flashi.map huweka kumbukumbu ya kazi, hivyo umeme ukikatika katikati, jambo ambalo hatuhitaji kufundishwa, utaendelea pale ulipoishia. Kumbuka mpangilio: chanzo kwanza, nakala baadaye. Ukimaliza, ichomoe flashi uiweke kando. Kuanzia hapo kazi yote ni juu ya nakala, na kwa tahadhari zaidi, juu ya nakala ya nakala.

5. Mfano mmoja uliochambuliwa

Mwenzetu mmoja alikuwa na flashi ya GB 16 yenye rekodi za methali na hadithi alizokusanya kwa ajili ya kazi yake. Aliichomeka kwenye nyumba moja ya kuchapisha ili atoe kurasa chache, ikachomolewa wakati mashine bado inaandika. Windows ya pale ikaomba kuifomati. Akakataa, na kukataa huko ndiko kulikookoa kazi yake.

Tulipita milango kwa zamu. Kwenye dmesg mistari yote ilikuja bila namba ya kosa: mlango wa kwanza uko wazi. lsblk ilionyesha sdb yenye 14.5G: wa pili uko wazi. Chini yake sdb1 ilikuwepo: jedwali ni zima. Lakini lsblk -f haikuandika aina yoyote ya mfumo mbele ya sdb1. Tulijaribu kuipachika kwa kusoma tu, tukitaja aina ya vfat. Mount ikatoa ile sentensi ndefu ya «au», na kiini kikasema jambo moja tu:

FAT-fs (sdb1): bogus number of reserved sectors

Maneno hayo yanataja mahali hasa. Idadi ya sekta zilizotengwa huandikwa katika sekta ya kwanza kabisa ya mfumo wa FAT, ile inayoueleza mfumo wote. Kiini kimesoma pale na kukuta namba isiyowezekana. Hakikusema faili zimepotea. Kimesema ukurasa wa kwanza hausomeki.

Tukatengeneza nakala kwa ddrescue. Ilikwenda hadi mwisho bila sekta moja kugoma. Huo nao ni ushahidi: kumbukumbu ya flashi ni nzima, kilichoharibika ni maandishi, si karatasi. Tukanakili flashi.img kuwa jaribio.img, na hapa ujuzi wa FAT32 ukatufaa. Mfumo huo huhifadhi nakala ya sekta yake ya kwanza mbele kidogo, kwa kawaida katika sekta ya 6. Tukafungua:

testdisk jaribio.img

Tukaenda kwenye Advanced, kisha Boot. Programu ikaonyesha kwamba sekta ya kwanza ni mbovu na ile ya akiba ni nzima. Chaguo la Backup BS likairudisha ya akiba mahali pa ile ya kwanza. Kisha tukaipachika picha hiyo:

sudo losetup -r -f -P --show jaribio.img
sudo mount -o ro /dev/loop0p1 /mnt/flashi

Jina la loop0 ni lile ambalo amri ya kwanza ililitoa. Kwako linaweza kuwa na namba nyingine. Folda zikaonekana. Faili iliyokuwa inaandikwa wakati wa kuchomolewa ilikatika katikati, lakini rekodi zilikuwepo zote, na mzee wa rekodi ya kwanza akasikika akikohoa kabla ya kuanza methali yake. Kama sekta ya akiba nayo ingekuwa imekufa, ingebaki photorec, inayotafuta faili kwa alama za mwanzo wake. Ingerudisha sauti bila majina yake, na mwenzetu angelazimika kusikiliza moja moja ili azitambue.

6. Mazoezi

(a) lsusb inaonyesha flashi, lsblk inaonyesha sdb yenye 0B. Ni mlango upi uliofungwa, na kwa nini fsck haifai kitu hapa?

(b) Mwanafunzi anasoma unknown filesystem type 'ntfs' na kuamua kuifomati flashi. Mweleze kwa sentensi mbili kiima cha neno unknown.

(c) Chukua flashi tupu isiyo na kitu cha thamani. Tengeneza nakala yake kwa ddrescue, pachika nakala hiyo kwa kusoma tu, kisha ujaribu kuandika faili ndani yake. Andika ujumbe utakaoupata na uufasiri kwa Kiswahili.

(d) Tafuta vitenzi vingine vitano vyenye jozi ya -ika na -ua kama pachika na pachua. Je, vyote vinafuata maana ileile ya kutendua?

7. Hitimisho

Nimeonyesha kwamba «haifunguki» ni mwanzo wa uchunguzi. Mgusano, kutambuliwa, jedwali, mfumo wa faili, mahali na ruhusa: kila mlango una maneno yake, na maneno hayo yanaweza kusomwa na mtu aliyezoea kuuliza nani anasema, anasema nini, na hakusema nini. Wanafunzi wa lugha hawana sababu ya kuyaogopa.

Inabaki sababu ya kupachua. Unapoiandikia flashi, kiini hakiandiki palepale. Huweka data kwanza katika kumbukumbu ya kompyuta na kuipeleka baadaye kidogo, ili kazi iende haraka. Amri ya umount hulazimisha kila kilichosubiri kiandikwe, na ndipo kamba hukatwa. Ikijibu target is busy, kuna programu au terminali bado imekaa ndani. Amri ya sudo fuser -vm /mnt/flashi itakutajia ni ipi. Ifunge, upachue tena, usubiri terminali irudi, ndipo uchomoe. Na rekodi ambayo haiwezi kurekodiwa tena isikae mahali pamoja tu: iwe kwenye flashi, iwe kwenye diski ya kitivo, na iwe kwa mwalimu anayeongoza kazi yako.